Umeagiza 5W-30, umewekewa ya pipa

Ukipimiwa nyama pungufu utajua ukifika nyumbani. Ukiwekewa oili ambayo sio uliyoomba hutajua leo wala kesho, na siku utakayokuja kujua fundi atakuwa ameshahamia gereji nyingine, au wewe umeshauza gari kwa mtu mwingine ambaye ndo atalia. Gari inatoka gereji inawaka fresh, sauti ile ile, taa ya oili kwenye dashibodi imezima, unalipa unaondoka, na wamekubandikia kistika cha kilometa za sevisi ijayo kana kwamba kila kitu kimeenda sawa. Ndo maana nasema katika michezo yote ya gereji zetu huu wa kubadilishiwa oili, haidroliki (oili ya gia ya otomatiki), kulanti (maji ya kupoozea injini) na mafuta ya breki ndo salama kuliko yote kwa anayeucheza. Plagi feki unaweza kuifungua ukaitazama, bushi feki italia barabarani ndani ya mwezi, ila oili ikishaingia kwenye injini imeingia, baada ya muda imekuwa nyeusi na hakuna wa kukuambia ilitoka kwenye dumu gani.

Wengi tukiliongelea hili tunaishia kwenye "mafundi wezi" basi. Wezi wapo, sibishi, kuna watu wanaokota madumu matupu ya oili za maana wanajaza wanachojua wao, na ndo maana utaona watu wakishamaliza sevisi wanalitoboa dumu au wanaondoka nalo kabisa. Lakini kaa nusu siku tu gereji yoyote ya Ilala au Mwenge uangalie, utaona wizi mtupu ni sehemu ndogo. Kubwa zaidi ni fundi aliyeambiwa weka oili ya 5W-30 akaenda dukani akakosa, akachukua 20W-50 ambayo ni nzito zaidi na hajaona umuhimu wa kupiga simu. Au mwingine ana pipa la oili pale nyuma, anawawekea wateja wote hiyo hiyo, na kwake yeye oili ni oili. Na yupo wa tatu ambaye ndo mgumu kuliko wote kubishana naye, huyu hajakosa oili na wala hana shida na hela yako, anaamini kabisa kwamba ulichoomba hakifai na yeye amekusaidia.

Huyu wa tatu tumsikilize kwanza maana ana hoja. Atakwambia bosi, hii 5W-30 yako ni nyepesi, gari ilikuwa Japani kwenye baridi, huku Dar joto, na injini ina kilometa laki mbili, ukiweka nyepesi itaanza kula oili, weka nzito. Na nusu ya maneno yake ni kweli. Ile namba ya kwanza, yenye W, inaonyesha oili inavyotiririka kwenye baridi, na Dar asubuhi ya Julai haijawahi kuwa baridi ya kutisha injini, kwahiyo tofauti ya 5W na 20W huku haina uzito kama kule Hokkaido. Na ni kweli injini iliyochoka inaweza kupunguza kula oili ukiipandisha uzito kidogo, hata baadhi ya vitabu vya gari huwa vinaruhusu zaidi ya uzito mmoja kutegemea hali ya hewa. Sasa jamaa akiishikilia hiyo nusu anaongeza nusu yake mwenyewe. Namba ya pili, ile 30 au 50, ndo uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, na injini ikishapata moto haijui kama ipo Temeke au Tokyo, jotoridi la kufanyia kazi linabaki palepale kwasababu kuna thamostati (kama hajaitoa, maana nayo wanapenda kuitoa kwa hoja hiyo hiyo ya huku joto). Kwenye Toyota IST yenye injini ya 1NZ-FE ule mfumo wa VVT-i, wa kubadilisha muda wa valvu kufunguka, unasukumwa na presha ya oili yenyewe kupitia vijitundu na kichujio kidogo sana, ukiweka oili nzito kuliko ilivyopangiwa mfumo unachelewa kuitikia na mafuta ya petroli yanaliwa zaidi. Injini haifi siku hiyo, na hilo ndo linampa fundi jeuri.

Halafu kuna kitu ambacho fundi na mteja wote hawakiangalii, daraja la API (taasisi ya petroli ya Marekani). Wanabishana uzito tu, thelathini au hamsini, na huku nyuma ya dumu kuna herufi mbili ambazo zina habari kubwa zaidi. SN ilikuja 2010, SP ikaja 2020, na kadri herufi ya pili inavyosogea mbele ndo oili mpya zaidi. Wenyewe API wanasema oili ya SF haifai kwa injini nyingi za petroli zilizotengenezwa baada ya mwaka 1988. Sasa pita maduka ya oili, geuza yale madumu ya bei chee uone herufi gani zimeandikwa, kisha kumbuka IST ya kwanza kabisa imetoka 2002. Unakuta mtu amegombana na fundi kuhusu 5W-30, akashinda, akawekewa 5W-30 ya daraja ambalo lilishazeeka kabla gari yake haijazaliwa.

Ila injini inasamehe. Ukikosea oili ya injini mara moja, ukamwaga mapema na kubadili filta, mara nyingi unapona. Giaboksi ndo haisamehi, na huko ndo huu mchezo unapoua magari, maana kwa mafundi wengi chochote chekundu kinachoingia kwenye gia ya otomatiki kinaitwa haidroliki na haidroliki zote ni moja. Sio moja. Toyota peke yake ina T-IV, ina WS ambayo ni nyepesi zaidi, na kwa zile CVT ina TC na FE, na hivyo vitu havichanganywi. Mark X inataka WS, IST ya kwanza yenye gia nne inataka T-IV, na hizo gari mbili unaweza kuzikuta zimepanga foleni kwenye gereji moja zinasubiri dumu moja.

Kwenye CVT ndo balaa. CVT haina gia kama tunavyozijua, ina mkanda wa chuma umebanwa katikati ya puli mbili zinazojibana na kujiachia, yaani chuma kinashika chuma kwa kubanwa tu, na ile oili ina kazi mbili ambazo ukizisikia zinapingana, ilainishe na wakati huo huo isiruhusu mkanda kuteleza. Oili ya namna hiyo inapikwa kwa ajili ya kazi hiyo. Ukimimina Dexron, yaani haidroliki ya kawaida, ambayo imetengenezwa kwa giaboksi zenye kilachi za sahani, mkanda unaanza kuteleza kidogo kidogo, unajichuna, vumbi la chuma linazunguka na oili linaingia kwenye valvu, ndo pale gari inaanza kutetemeka ukiondoka kwenye mataa. Jamaa mmoja namfahamu ana X-Trail T31, gari inataka NS-2 (oili ya CVT ya Nissan), alitamka mwenyewe NS-2, fundi akaitikia "sawa mkuu", akaweka nyekundu. Jamaa alikuja kujua pale giaboksi ilipofunguliwa gereji nyingine, na yule fundi wa kwanza alipopigiwa simu alijibu kwamba NS-2 ilikuwa haipo mjini siku ile na hakutaka kumsumbua mtu akiwa kazini. Hakutaka kumsumbua! Na wenye Honda Fit za mwanzo, zile za 2001 mpaka 2007, wanaijua hadithi hii vizuri zaidi, maana zile zina kilachi cha kuondokea ndani ya CVT na ukiikosesha oili yake ya HMMF inaanza kutetemeka wakati wa kuondoka, watu wengine wameuza gari nzuri kabisa kwa bei ya kutupa kisa oili tu.

Na hii habari ya oili ya gia kuwa na tabia yake sio ujanja wa kampuni kutuuzia dumu ghali, japo bei wanaipandisha nayo. Zamani ATF, yaani oili za gia ya otomatiki, za Marekani zilikuwa zinawekwa mafuta ya nyangumi ili kilachi zishike sawasawa, ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyangumi wale wakawekewa ulinzi wa sheria ikabidi wataalamu watafute mbadala, na kazi haikuwa ndogo. Watengenezaji wenyewe walihangaika na kibadala maabara, wewe unanibadilishia chini ya mwembe kwasababu rangi zinafanana.

Kulanti sitaki nikae sana. Mtu analeta gari ina kulanti ya pinki ya Toyota, ambayo ikiwa mpya kabisa inatakiwa kwenda mpaka kilometa laki moja na sitini kabla ya kubadilishwa mara ya kwanza, fundi anafungua rejeta kufanya kazi nyingine, anaimwaga chini, halafu anajaza maji ya bomba au ya kisima, na visima vingi vya Dar mnajua wenyewe maji yake yana chumvi. Kutu inaanza kwenye vyuma, pampu ya maji inaliwa, magamba yanaziba rejeta, siku gari inachemsha tunasema silinda hedi imekufa kwa bahati mbaya. Na kwenye bili kulanti haikutajwa popote, haikuombwa wala haikulipiwa, imepotea tu.

Breki ni jambo la uhai. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa makavu yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 205 na DOT 4 chini ya 230, ila haya mafuta yananyonya unyevu hewani na yakishanyonya kiwango cha DOT 3 kinashuka mpaka 140. Kwahiyo yule anayekujazia kutoka kwenye chupa iliyokaa wazi tangu mwaka jana amekuwekea kitu tofauti na ulichoomba hata kama lebo ni ile ile, na mtu wa kuja kukuthibitishia ni dereva aliyeshuka mlima Kitonga na mzigo akakanyaga pedali ikaenda mpaka chini. Kubaya zaidi ni pale mtu anapoongezea haidroliki ya usukani kwenye kikopo cha breki. Raba za breki zinavimba zikiguswa na mafuta ya madini, zote, kuanzia masta silinda mpaka kwenye magurudumu. Na bodaboda wana lao, pikipiki nyingi kilachi yake inaoga kwenye oili hiyo hiyo ya injini, ndo maana oili zake zinaandikwa JASO MA (alama ya viwango vya Japani), ukimwekea ya gari yenye viungo vya kulainisha kupita kiasi kilachi inateleza na kijana wa watu anaambiwa anunue sahani mpya.

Sasa kwanini hii kitu haiishi? Watu wanasema elimu, mafundi wapewe semina. Semina ni nzuri, ila mi nafuatilia hela. Muulize mtu yeyote aliyetoka kufanya sevisi amelipa shilingi ngapi ya ufundi, wengi watakuambia elfu tano, elfu kumi, na hiyo kumi ameitoa ananung'unika, maana kufungua nati moja, kumwaga, kufunga filta na kujaza anaona ni kazi ya dakika ishirini ambayo hata mtoto angefanya. Gereji ina kodi, ina vijana, ina jeki na kompresa na umeme. Hiyo hela haitoki kwenye elfu kumi yako, inatoka kwenye oili. Tumekubaliana kimya kimya kwamba fundi tutamlipa kupitia dumu, kwahiyo dumu ndo shamba lake, na tofauti kati ya bei uliyolipia wewe na bei ya kilichoingia kwenye injini ndo mshahara wake. Pipa moja lina lita mia mbili na kidogo, IST inakula lita tatu na pointi saba pamoja na filta, piga hesabu mwenyewe ni gari ngapi zinanyweshwa hapo na kila moja imelipa bei ya dumu la lita nne lenye jina. Hata oili chafu uliyoacha pale ina mnunuzi, watu wanapaka mbao zisiliwe na mchwa.

Pipa lenyewe sio dhambi, nieleweke. Gereji kubwa za wakala wanatumia mapipa pia, oili nzuri ya pipa ni oili nzuri. Shida ni pale pipa halina jina, au lina jina ila bili ina jina lingine.

Na mteja naye sio malaika. Kuna anayesema "fundi weka yoyote tu ya bei nafuu" mbele za watu, miezi sita baadaye injini imenoki anamshika shati. Halafu kuna hili la mabosi wanaowatuma madereva, bosi yupo ofisini ametoa hela ya oili ya sintetiki kamili, dereva na fundi wanakaa wanapatana, inaingia ya kawaida, chenji inagawanywa, na bosi analetewa dumu tupu la ile ghali kama ushahidi. Pale fundi akikuambia mteja ndo alitaka hivyo, hajadanganya kabisa, mteja aliyekuwa mbele yake alitaka hivyo kweli.

Ndo maana mi nasimama upande ambao watu wengi hawaupendi. Zipo gereji ambazo ukija na oili yako mwenyewe wanakutoza ufundi mkubwa zaidi, na watu wanalalamika sana, eti wanataka watulazimishe kununua kwao. Mi naona hiyo ndo gereji inayosema ukweli. Imekuambia kazi yangu ina bei hii, oili ina bei hii, haijaficha mkate wake ndani ya chupa. Ile inayokufanyia bure kabisa ukinunua oili kwao ndo ya kuiuliza maswali.

Upande wa sheria hatuko uchi. Tanzania tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ambayo inakataza mfanyabiashara kufanya jambo la kupotosha wateja, na FCC, Tume ya Ushindani, ndo wasimamizi. Kenya wameiweka mpaka kwenye Katiba ya 2010, ibara ya 46, kwamba mlaji ana haki ya huduma yenye ubora unaofaa na haki ya kupewa taarifa. Sasa nenda na risiti yako. Risiti imeandikwa "sevisi", jumla, basi, na hiyo ni kama ipo risiti. Hakuna 5W-30, hakuna herufi za API, hakuna lita ngapi, utathibitisha nini? Kule California tangu sheria yao ya mwaka 1971 gereji lazima ikupe makadirio kwa maandishi na ipate ruhusa yako kabla ya kwenda nje ya hapo, na mafundi wa kule ni binadamu wale wale wenye pipa nyuma, tofauti ni kwamba akibadilisha bila kukuuliza kuna karatasi inayoonyesha ulikubaliana nini. Huku karatasi hiyo tunaweza kuitengeneza wenyewe kwa meseji ya WhatsApp kabla gari haijafunguliwa: fundi naomba uweke hii, hii na hii, kama haipo nipigie usiweke kitu. Akijibu "sawa bosi" umeshapata maandishi. Na picha ya dumu kabla ya kufunguliwa, upande wa nyuma wenye herufi, sio upande wa mbele wenye picha ya gari la mashindano. Fundi mzuri hakasiriki kwa hilo, anayekasirika amekuokolea hela.

Ukishagundua umewekewa sivyo usikimbilie kupiga kelele, angalia kwanza imeingia wapi. Injini, mwaga mapema pamoja na filta, endelea na maisha. Giaboksi, acha kuendesha, na ujue kumwaga mara moja hakutoshi kwasababu ukifungua nati ya chini inatoka kama nusu tu au pungufu, nyingine inabaki kwenye toki konveta na kwenye mirija ya kupoozea, kwahiyo inabidi kumwaga na kujaza tena na tena mpaka ya zamani iishe, na hiyo oili sahihi ya kuoshea ni lita nyingi. Breki usiipeleke hata gereji kwa kuendesha, ivutwe.

Hapo ndo fundi atakuja na ofa, utaisikia tu: "bosi hamna shida, leta oili, ufundi nitakufanyia bure." Usikubali. Ufundi tumeshaona ni elfu kumi, gharama yote ipo kwenye zile lita, na lita hizo anunue yeye aliyeamua bila kukuuliza.